Kahawa Yetu Ilipoonjwa Chicago

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo na wakulima wa kahawa, kabla ya msimu wa kuvuna)



Tunajua wengine mmeacha majani ya ng'ombe hayajakatwa. Wengine mmetoka mbali kwa miguu. Kwa hiyo hatutazunguka. Tumekuja kulipa deni.

Mwezi wa Aprili 2024 tulikwenda mji wa Chicago, nchi ya Marekani, kwenye maonyesho ya biashara ya kahawa. Tulikuwa watatu. Alikuwepo mzee wetu, mwenyekiti wa chama cha msingi. Alikuwepo mama karani wa chama, ambaye wengi mnajua kwamba kusoma na kuandika alijifunza ukubwani. Na wa tatu alikuwa wa ofisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliyekwenda kwa kazi ya kutafsiri. Nauli ilitoka kwa wafadhili, lakini kahawa tuliyobeba ilikuwa yenu.

Tangu turudi tunaulizwa njiani, sokoni, hata kilabuni kwenye mbege: "Mmetuletea nini?" Fedha hatukuleta. Tumeleta habari, na habari yenyewe ni fupi: mnunuzi akionja kikombe, anajua tulivyofanya kazi kihambani. Sisi tusipoandika tulivyofanya, hatuna la kumjibu.

MJI NA UKUMBI

Chicago ni mji mkubwa kando ya Ziwa Michigan. Ziwa hilo ni kubwa sana, ingawa Ziwa Victoria letu linalizidi. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Huku kwetu ilikuwa masika, na tulidhani tumezoea baridi ya mlimani. Kumbe bado! Mzee mwenyekiti alivaa makoti mawili. Saa nazo zilituchanganya. Kule ikiwa saa sita mchana, huku nyumbani ni saa mbili usiku.

Maonyesho yalikuwa ya siku tatu, tarehe 12 mpaka 14, katika jengo linaloitwa McCormick Place. Jengo hilo ni la mikutano na maonyesho, na katika Amerika ya Kaskazini hakuna la namna hiyo linalolizidi kwa ukubwa. Ukitembea ndani yake toka upande huu mpaka upande ule, miguu inauma.

Ndani tulikuta mabanda mengi. Hapa wanaonyesha mashine za kukaanga. Pale wanaonyesha mashine za kusaga. Kwingine wanauza vikombe, mifuko na maziwa. Nchi zinazolima kahawa nazo zilikuwepo: Ethiopia, Kolombia, Brazili, Gwatemala na nyingine. Watu wanatembea na vikombe vidogo, wanaonja, wanatema, wanaandika. Ndiyo, wanatema! Mtu akionja vikombe vingi kwa siku na kuvimeza vyote, usiku hatalala.

KAHAWA MAALUMU NI KAHAWA GANI?

Maonyesho hayo si ya kila kahawa. Ni ya kahawa inayoitwa kahawa maalumu, yaani kahawa inayonunuliwa kwa ladha yake.

Neno hilo lina historia, na historia yake inatuhusu sisi wa elimu ya watu wazima. Palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Erna Knutsen. Alizaliwa Norwe mwaka 1921, akahamia Marekani akiwa mtoto. Baadaye alifanya kazi ya ukatibu katika kampuni ya kahawa mjini San Francisco. Alitaka kujifunza kuonja. Wanaume wa kazi hiyo hawakutaka mwanamke aingie katika chumba cha kuonjea. Yeye hakukata tamaa, akajifunza. Mwaka 1974 alitumia maneno "kahawa maalumu" katika gazeti la wafanyabiashara wa chai na kahawa, na maneno hayo yakaenea. Mwaka huo alikuwa ameshapita miaka hamsini. Basi asije mtu akatuambia kwamba mkubwa hajifunzi.

Mwaka 1982 wafanyabiashara wa Marekani waliunda chama chao cha kahawa maalumu. Mwaka 2017 chama hicho kiliungana na kile cha Ulaya. Chama hicho kilichoungana ndicho kinachoandaa maonyesho tuliyokwenda.

Kwa kipimo kilichozoeleka miaka mingi, kahawa hupewa alama kati ya 100. Ikipata 80 au zaidi, inaitwa kahawa maalumu. Ikipata chini ya hapo inauzwa, lakini kwa bei ya kahawa yoyote.

Hapa tuseme jambo moja ambalo wengi tunakosea. Tukisikia kahawa yetu ni AA, tunafurahi na kusema ni tamu. Lakini herufi hizo hasa ni za ukubwa wa punje. Kahawa inapitishwa kwenye chekecheo, punje kubwa zinakuwa AA. Chekecheo halina ulimi. Punje inaweza kuwa kubwa na ladha yake mbaya.

KWENYE MEZA YA KUONJEA

Tulibeba sampuli tatu za kahawa safi, yaani kahawa iliyokwisha kukobolewa lakini haijakaangwa. Karani alizipa namba: 1, 2 na 3. Siku ya pili tulikaribishwa na mnunuzi mmoja kwenye meza ya kuonjea. Jina lake tunaliacha.

Kazi inafanywa hivi. Kahawa inakaangwa kidogo, isiungue. Kila sampuli inatengewa vikombe vitano. Katika kila kikombe inawekwa kahawa ya kusaga gramu 8 na robo, na maji ya moto mililita 150. Unga unapanda juu kama utando wa uji. Baada ya dakika nne mwonjaji anainama, anapasua utando kwa kijiko, ananusa. Kahawa ikipoa kidogo anachota kwa kijiko na kuivuta kwa kelele, fyuuu! Huku kwetu ni utovu wa adabu. Kule ndiyo kazi yenyewe, maana kahawa inasambaa mdomoni kote.

Kwa nini vikombe vitano vya kahawa ile ile? Kwa sababu ubaya hauwi kila mahali. Katika gramu 8 punje hazifiki mia moja. Punje moja iliyooza ikiingia humo, inaweza kuharibu kikombe kizima. Vikombe vitano vinamsaidia kuiona.

Wakatupa vijiko na sisi. Mzee mwenyekiti aliinama, akavuta. Akakaa kimya. Tukamwuliza, "Vipi, Mzee?" Akasema, "Nimelima kahawa tangu sijaoa. Leo ndiyo mara ya kwanza naionja ya kwangu."

Jamani, tusicheke. Ni wangapi hapa wamewahi kuonja kahawa ya kihamba chao? Tunaivuna, tunaimenya, tunaianika, tunaipeleka ghalani. Nyumbani tunakunywa chai. Tunauza kitu tusichokijua ladha yake. Mnunuzi akisema ni mbaya, tunanyamaza. Akisema ni nzuri kidogo tu, tunanyamaza pia.

DAFTARI LA KARANI

Mwonjaji alipita namba 1, akaandika. Akapita namba 2, akaandika. Akafika namba 3. Kikombe cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu alisimama. Akanusa tena. Akaita mwenzake, naye akanusa. Kikombe kile kilikuwa na harufu ya matunda yaliyochacha, kama siki. Hata sisi tulisikia.

Akatuuliza kwa upole: "Hii namba 3, ilifanywaje?"

Tulitafsiri swali. Mama karani akafungua mkoba wake, akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Mnalijua daftari hilo, liko ghalani siku zote. Akatafuta ukurasa. Hapo mzee mwenyekiti akamnong'oneza: "Mama, funga daftari. Tusijianike mbele ya wageni."

Mama akajibu taratibu: "Mzee, shikamoo yako ninaiheshimu. Lakini huyu mtu ameshaionja. Tutamficha nini?"

Akasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kama tulivyofundishana darasani. "Tarehe 14 Oktoba. Kilo 412 za matunda. Hazikumenywa siku ile. Msiba. Zilikaa kwenye magunia usiku mmoja."

Wengi hapa mnaukumbuka msiba huo. Asubuhi watu walikuwa wamekwisha chuma. Habari ikaja, kila mtu akaacha kazi akaenda. Nani angebaki kumenya kahawa huku jirani yake amelala sakafuni? Hakuna aliyefanya kosa la kukusudia. Lakini tunda la kahawa likikaa ndani ya gunia linapata joto na kuanza kuchacha. Halijui kwamba kuna msiba.

Tukamwambia mnunuzi hivyo hivyo, bila kupunguza. Akaweka kijiko chini. Akasema wakulima wengi akiwauliza humjibu kwamba hawajui, basi naye hukataa kahawa yote, kwa kuwa hana njia ya kutenganisha nzuri na mbaya. Akaiondoa namba 3 mezani. Namba 1 akaipa alama 84. Namba 2 akaipa 83. Akaomba sampuli nyingine za msimu uliofuata.

Tukiwa tunatoka, mzee mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Akamwambia mama karani: "Katika zile kilo 412, na zangu zilikuwamo. Magunia mawili. Andika na hilo."

DOLA KWA RATILI

Mnunuzi alitupa pia karatasi ya bei ya mfano. Iliandikwa dola 3. Mzee akafanya hesabu ya haraka, dola 3 kwa kilo, uso ukamshuka. Mama karani akauliza: "Mwalimu, hii ni ya kilo au ya ratili?"

Swali zuri. Kahawa ya arabika katika soko la New York hutajwa kwa ratili, wala si kwa kilo. Tuhesabu pamoja. Mwenye kalamu aandike.

Kilo 1 ni sawa na ratili 2.2 hivi.
Dola 3 mara 2.2 ni dola 6.60 kwa kilo.

Hapo tukashangilia. Tukakosea tena! Bei hiyo ni ya kahawa safi, iliyokobolewa, iliyofika bandarini na kupakiwa melini. Sisi ghalani tunapima kahawa ya maganda. Kilo 100 za maganda zikikobolewa hubaki kilo 80 hivi za kahawa safi. Kwa hiyo:

Dola 6.60 mara 80 ni dola 528.
Dola 528 gawanya kwa kilo 100 za maganda ni dola 5.28 kwa kilo.

Na bado hatujatoa gharama za kukoboa, magunia, usafiri, ushuru na gharama za chama. Kinachobaki ndicho cha mkulima. Karatasi ile hatukutia saini, maana hatukutumwa kusaini. Tulirudi nayo, ikasomwa kwenye mkutano mkuu. Ndugu zangu, mtu akikutajia bei, muulize maneno matatu: Kwa kipimo gani? Ya kahawa ya namna gani? Imefika wapi?

KIKOMBE CHA DOLA 4

Nje ya ukumbi tuliingia duka la kahawa. Kikombe kimoja tulilipa dola 4. Mzee akataka kujua fedha hizo zinakwenda wapi.

Tukahesabu. Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa hupungua, hubaki gramu 850 hivi. Kikombe kikitumia gramu 18, kilo hiyo inatoa vikombe 45 na zaidi. Vikombe 45 kwa dola 4 ni dola 180. Na kahawa yenyewe, kwa bei ya mfano wetu, ni dola 6.60 tu.

Tusiseme kwamba zote zilizobaki ni faida ya mwenye duka. Yeye analipa pango, mishahara, umeme, maziwa, kodi na mashine. Lakini hesabu hii inatuonyesha jambo. Mnunuzi wa kahawa nzuri ana nafasi ya kuongeza bei kidogo bila kuanguka. Ataongeza kwa nani? Kwa yule ambaye kahawa yake ni safi mwaka hadi mwaka, na anayeweza kuieleza.

WENGINE WANASEMA BEI IMEPANDA

Sasa tuje kwenye maneno tunayoyasikia vijijini. Tulipokuwa Chicago, bei ya New York ilikuwa dola 2 na senti kadhaa kwa ratili. Mwezi wa Februari 2025 ilipita dola 4, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Basi watu wakasema: "Bei ni nzuri. Kahawa yoyote inanunuliwa. Kwa nini tuchague nyekundu tu? Tukamue tawi zima, mbichi na mbivu, kabla mwizi hajapita."

Wanaosema hivyo wana sababu. Karo inadaiwa. Wizi wa kahawa mtini upo kweli. Lakini wazee hapa wanakumbuka mwaka 2001. Mwaka ule bei ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili. Watu waling'oa mikahawa wakapanda nyanya na mahindi. Bei iliyopanda haijaapa kwamba haitashuka. Ikishuka, mnunuzi anaanza kuchagua. Anabaki na wale anaowajua, na kahawa yoyote inakosa mtu.

TULIYOFANYA TULIPORUDI

Tuliporudi tulikaa na chama. Hatukutafuta wa kumlaumu. Tukakubaliana mambo haya, na katika msimu wa 2024 tukayajaribu:

1. Kuchuma matunda mekundu tu, na kurudia mti uleule mara kadhaa.

2. Kutia matunda ndani ya maji kabla ya kumenya. Yanayoelea yanatolewa.

3. Kumenya siku ile ile ya kuchuma.

4. Kuanika kwenye meza, siyo chini, mpaka unyevu ufike asilimia 10 hadi 12. Mvua ikija, kufunika.

5. Kutoweka kahawa darini juu ya moshi wa jiko, wala karibu na mafuta ya taa au mbolea. Kahawa inavuta harufu kama nguo.

6. Kuweka zamu ya msiba. Watu wawili wa mashine wanamenya kwanza, kisha wanakwenda msibani. Familia ya marehemu inaarifiwa, wasionekane wamepuuza.

Katika msimu huo misiba ilikuwa miwili. Mara ya kwanza zamu ilifanya kazi. Mara ya pili mashine iliharibika, kahawa ikalala. Lakini safari hii iliandikwa na ikatengwa, haikuchanganywa na nyingine. Iliuzwa peke yake kwa bei ya chini. Sampuli mpya tulizopeleka kwa mnunuzi zilirudi na majibu: hakuna kikombe kilichokataliwa. Mazungumzo ya bei bado yanaendelea, wala hatuwaahidi kitu ambacho hatujakishika mkononi.

Jambo la saba ni daftari. Kila kikundi kiwe nalo. Mistari ni michache tu. Mfano ni huu:

Namba ya fungu: 5
Tarehe ya kuchuma: 3 Septemba
Kilo za matunda: 380
Imemenywa: siku ile ile, jioni
Imeanza kuanikwa: 5 Septemba
Imetolewa mezani: 18 Septemba
Mambo yaliyotokea: mvua siku moja, ilifunikwa

Aliyemaliza kisomo anaweza kuandika hayo yote. Hayahitaji Kiingereza. Yule mama wa kilo 412 aliandika neno moja tu, "Msiba", na neno hilo likatusaidia ng'ambo ya bahari kuliko hotuba yoyote. Mwandiko wake haukuwa mzuri sana. Ulisomeka, basi.

Kabla hatujaachana, akina mama wa jikoni wamekaanga kahawa ya fungu la mwaka jana, wakaitwanga kwenye kinu. Maji yamechemka. Kila mmoja apate kikombe, hata kama ni kidogo. Tuivute kwa kelele, leo hakuna utovu wa adabu. Kisha tukae kwa vikundi tujadiliane:

1. Kahawa hii ina ladha gani? Mwambie jirani yako kwa maneno yako mwenyewe.

2. Katika kikundi chenu, nani ataandika daftari? Asipokuwepo, nani atashika nafasi yake?

3. Siku ya msiba, siku ya gulio na siku ya sikukuu, kahawa iliyochumwa itamenywa na nani?

4. Mnunuzi anataja dola 2 na senti 50 kwa ratili. Ni dola ngapi kwa kilo ya kahawa safi? Ni ngapi kwa kilo ya maganda?

Majibu ya swali la nne tutayasahihisha wiki ijayo. Njooni na kalamu.